Kisahani cha Kwanza: Uzito Upi Umfaao Mwanafunzi?

Msimu wa michezo ya shule unapokaribia, walimu wa michezo wa shule zilizo katikati ya jiji la Dar es Salaam hushika njia ya Kariakoo. Maduka ya vifaa vya michezo hayako mbali, na ushindani wa wauzaji huwezesha bei kupunguzwa kwa maneno matamu. Hununuliwa mipira kwanza, kisha jezi, kisha filimbi. Kisahani cha kurusha hukumbukwa mwisho, aghalabu kwa fedha zilizosalia, na swali linaloulizwa juu yake dukani huwa moja tu: je, kile cha wakubwa kipo? Muuzaji hukitoa rafuni kisahani cha kilo 2 chenye ukingo wa chuma unaong'aa, mwalimu hukipima mkononi, hutikisa kichwa kwa kuridhika, na biashara imekwisha.

Biashara hiyo ni mbaya kwa shule. Ubaya wake hauko katika bei peke yake. Kisahani kimoja katika shule ya sekondari hutumiwa na vijana wa vidato vyote kwa miaka mingi, na kikiwa hakiwafai, hao wote hujifunza jambo moja tu: kwamba mchezo huu si wao. Nchi ambayo Filbert Bayi aliiletea rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974 imezoea kuamini kwamba vipaji vyake viko miguuni. Yamkini ni kweli; lakini yamkini pia mikono haijawahi kupewa kifaa kinachoifaa.

Kanuni za riadha zenyewe hazikumwekea kila mtu kisahani kimoja. Wanaume watu wazima hurusha cha kilo 2, ambacho kipenyo chake ni kati ya milimita 219 na 221. Vijana wa kiume walio chini ya miaka 20 hurusha cha kilo 1.75, na walio chini ya miaka 18 cha kilo 1.5. Wanawake na wasichana hao wakubwa hurusha cha kilo 1, chenye kipenyo cha kati ya milimita 180 na 182. Kwa hiyo mvulana wa kidato cha kwanza anayepewa kisahani cha kilo 2 amepewa kifaa ambacho hata bingwa wa dunia wa vijana hakirushi.

Kisahani hakishikwi kama jiwe. Hulazwa juu ya kiganja, ukingo wake ukiegemea viungo vya mwisho vya vidole vinne, na kinachokizuia kisianguke ni mwendo wa mkono unaokizungusha. Kiganja cha mtoto wa miaka 14 kikipewa sahani ya sentimita 22, vidole haviufikii ukingo ipasavyo. Naye, kwa kuogopa kisimponyoke, hukikamata kwa kidole gumba. Hapo somo limekwisha kabla halijaanza, kwa sababu kisahani kilichokamatwa kwa gumba hakiwezi kuviringika kutoka kwenye kidole cha shahada, na kisichoviringika hakizunguki hewani.

Tatizo jingine ni la fahari. Mvulana akipewa kisahani cha kilo 1 husema kwamba hicho ni cha wasichana, na wenzake humcheka. Yafaa aelezwe kwamba rekodi ya dunia ya wanawake, mita 76.80, iliyowekwa na Gabriele Reinsch mwaka 1988 huko Neubrandenburg, ni ndefu kuliko rekodi ya wanaume, mita 75.56, ambayo Mykolas Alekna wa Lithuania aliiweka mwezi Aprili 2025. Mzigo ukipungua, mkono huenda kasi zaidi. Hakuna aibu ndani yake, kuna fizikia tu.

Na fizikia hiyo ni ya kiwango cha sekondari. Tuseme hewa haipo. Umbali mkubwa kabisa ambao kitu kilichorushwa huweza kufikia hupatikana kwa kuzidisha kasi kwa kasi na kugawanya kwa 9.8. Mrushaji wa daraja la juu huachia kisahani kwa kasi ya mita 25 hivi kwa sekunde. Hesabu humpa mita 64 hivi. Mwanafunzi anayekiachia kwa mita 15 kwa sekunde hupata mita 23. Kasi ya pili ni sehemu tatu kwa tano za ile ya kwanza, lakini umbali umeshuka ukawa kidogo tu zaidi ya theluthi moja. Ndiyo kusema kwamba kila sehemu ndogo ya kasi inayopotea kwa sababu ya uzito huadhibiwa mara mbili: kasi ikipungua kwa sehemu moja ya kumi, umbali hupungua kwa karibu sehemu moja ya tano. Mwalimu wa hisabati anaweza kuichora habari hii ubaoni, na wanafunzi wakatoka nje kuipima kwa futi kamba.

Bila shaka hewa ipo, na hapo ndipo kisahani kinapotofautiana na tufe. Tufe hupasua hewa na kuanguka. Kisahani ni mfano wa bawa: kikielekezwa vyema, hewa hukiinua. Mwaka 1981 mwanafizikia Cliff Frohlich wa Marekani alichapisha uchambuzi wake wa jambo hili katika jarida la waalimu wa fizikia la nchi hiyo, akaonyesha lile ambalo warushaji walilijua kwa mazoea: kisahani hufika mbali zaidi kikirushwa kuelekea upepo kuliko kikirushwa kuufuata. Mtu asiyekuwa na habari hudhani kinyume chake. Rekodi za Alekna za mwaka 2024 na 2025 ziliwekwa Ramona, katika jimbo la Oklahoma, kwenye uwanja wa wazi unaojulikana kwa pepo zake. Na kanuni hazikuweka kiwango cha juu cha upepo kwa kisahani kama zilivyokiweka kwa mbio za mita 100.

Lakini ile kani inayoinua hukua kwa mraba wa kasi. Anayerusha kwa mita 15 kwa sekunde hupata asilimia 36 tu ya mwinuko anaoupata yule wa mita 25, hata kama kisahani ni kilekile na pembe ni ileile. Kwa hiyo kisahani cha bingwa mkononi mwa anayeanza ni kama jahazi lililotwekwa tanga siku ya shwari. Tanga halina kosa. Upepo ndio haupo.

Limebaki jambo la mzunguko, na hapa ndipo maneno mengi ya dukani yasiyo na msingi huzaliwa.

Kila mtoto aliyecheza pia anajua kwamba inapozunguka kwa nguvu husimama wima, na inapochoka huyumba na kulala. Kila aliyesukuma ringi ya baiskeli kwa kijiti katika mitaa ya Kariakoo anajua ajabu nyingine: ringi ikiinamia kushoto haianguki upande huo, bali hukata kona kwenda kushoto. Kitu kinachozunguka hakitii msukumo pale pale unapokigusa. Huugeuza kwa robo ya duara. Kisahani nacho hufuata sheria hiyohiyo. Kikirushwa kwa mkono wa kulia, huzunguka kama mishale ya saa kwa anayekitazama kutoka juu. Hewa ikikisukuma juu sehemu ya mbele, hakinyanyui pua, hulalia kushoto. Ndiyo sababu kisahani kilichopoteza mwendo humalizia safari yake kikiteremkia kushoto, na kisichozungushwa kabisa hupinduka hewani kama mfuniko wa sufuria uliotupwa jalalani.

Sasa, watengenezaji hutofautisha visahani kwa jinsi uzito ulivyogawanywa. Katika vingine, kiasi cha asilimia 70 ya uzito huwa ukingoni. Katika vile vya mabingwa, hufika asilimia 90 au karibu yake. Muuzaji humwambia mwalimu kwamba ukingo ukiwa mzito zaidi kisahani huenda mbali zaidi, na bei yake hupanda kwa kadiri hiyo. Maneno hayo ni nusu ya ukweli. Ukingo mzito ni kama mtungi usiovuja: hutunza kilichotiwa ndani yake, hautii kitu. Kwa msukumo uleule wa kidole, kisahani cha ukingo mzito huanza kuzunguka polepole zaidi, ingawa kikishazunguka hakichoki upesi. Bingwa anayekizungusha kwa nguvu hufaidi utunzaji huo hadi mwisho wa safari. Anayeanza, ambaye kisahani humponyoka kando ya kiganja bila kuviringika, amenunua mtungi wa thamani naye hana maji. Ushauri wa makocha wengi ni kwamba aanze na kisahani cha ukingo mwepesi, kilicho kinene kidogo na chepesi kushikika, mpaka kidole kijifunze kazi yake.

Mwalimu asiyeamini karatasi ya mtengenezaji anaweza kufanya jaribio hapo hapo dukani. Achukue visahani viwili vya uzito na kipenyo kimoja. Aweke ubao wa mita moja na nusu, upande mmoja ukiinuliwa kwa sentimita 10, na vipande vya mbao pembeni ili visahani visipotee njia. Aviachie pamoja viviringike kwa ukingo wao. Kile chenye ukingo mzito kitachelewa. Kama kimoja kingekuwa sahani ya unene mmoja tangu kitovu hadi ukingo, kingeteremka kwa sekunde 2.6, kama cha pili kingekuwa pete tupu isiyo na kitu katikati, kingechukua sekunde 3. Visahani vya kweli viko baina ya hivyo viwili, na tofauti yake ni ndogo zaidi, lakini vikiachiwa sambamba jicho huiona bila saa. Uzito wenyewe hauathiri matokeo. Huathiriwa na mahali uzito ulipokaa. Ni vigumu kupata jaribio la kidato cha tano lililo rahisi kuliko hili, na halihitaji maabara.

Ulimwengu wa nje una mfano unaofaa kutazamwa. Huko Marekani, kuanzia miaka ya 1970, umeenea mchezo wa gofu ya visahani, ambao mchezaji hurusha sahani nyepesi ya plastiki hadi kwenye kikapu cha minyororo, akijaribu kufika kwa mirusho michache. Kiwanja cha kwanza cha kudumu kilifunguliwa mwaka 1975 katika bustani ya Oak Grove, California, kwa juhudi za Ed Headrick. Kipenyo cha sahani hizo hukaribiana sana na kile cha kisahani cha riadha, sentimita 21 na kitu, lakini kanuni huruhusu gramu 8.3 tu kwa kila sentimita ya kipenyo. Kwa hiyo sahani ya sentimita 21 haizidi gramu 174. Tangu mwaka 1983, Dave Dunipace alipobuni sahani yenye ukingo uliochongwa mfano wa kabari, ziko sahani za aina nyingi mno, kila moja na tabia yake.

Wachezaji wa gofu hiyo walikumbana na kosa lile lile la Kariakoo. Anayeanza hutaka sahani ya kwenda mbali kabisa, yenye ukingo mpana na mkali, ambayo mabingwa huitumia. Akiirusha kwa mkono wake wa polepole, huelemea kushoto mara tu inapomtoka na kuanguka karibu. Waliozoea humshauri achukue sahani ya masafa ya kati: nyepesi, gramu 150 hadi 165 hivi, yenye ukingo mwembamba na mwelekeo wa kupinda kidogo upande wa kulia ikiwa na kasi, ili upindaji huo ufute ule wa kushoto unaokuja mwishoni. Kilicho bora ni kwamba watengenezaji wamekubali kuuandika ukweli juu ya sahani yenyewe. Leopard ya kampuni ya Innova, mathalani, ina namba nne: 6, 5, -2 na 1. Ya kwanza ni kasi inayohitajika, ya pili ni uwezo wa kuelea, ya tatu ni kupinda inapokwenda mbio, ya nne ni kulalia upande wa pili inapochoka. Mtoto wa shule anaweza kuzisoma na kuchagua. Firebird ya kampuni hiyohiyo, yenye 9, 3, 0 na 4, humwambia wazi kwamba asiiguse bado.

Kisahani cha riadha hakina namba kama hizo isipokuwa ya uzito, na mnunuzi huachwa akitegemea ulimi wa muuzaji. Lingekuwa jambo la haki wauzaji watakiwe kueleza sehemu ya uzito iliyo ukingoni, kama vile muuza nafaka anavyotakiwa kuwa na mizani iliyohakikiwa. Mpaka hapo walimu waulize wenyewe, na wasipojibiwa, ubao ule upo.

Jambo la upepo linahitaji tahadhari, kwani visahani hivi viwili haviupokei sawasawa. Kile kizito cha riadha hufaidi upepo wa mbele. Sahani nyepesi ya plastiki, hasa ile inayomfaa anayeanza, hupinduliwa nao upande wa kulia na kubwagwa chini. Michezo ya shule aghalabu huja katikati ya mwaka, wakati wa kusi. Shule yenye nafasi ya kuchagua mwelekeo wa duara lake la mita 2.5 na iuelekeze kusini au kusini-mashariki. Kwa kweli, katikati ya jiji ushauri huu una mipaka. Majengo marefu yaliyoota Kariakoo huukata upepo na kuuzungusha, hata bendera mbili zilizo mitaa miwili tofauti hupepea kwa kukinzana.

Na nafasi yenyewe ndiyo adimu kuliko upepo. Shule za eneo hili zimebanwa baina ya barabara na maduka. Viwanja vya Mnazi Mmoja hutumiwa na watu wengi kwa shughuli nyingi; bonde la Jangwani hujaa maji ya Msimbazi mvua zinapozidi. Kisahani cha kilo 2 chenye ukingo wa chuma hakipaswi kurushwa mahali ambapo muuza maji au mama aliyebeba mwana anaweza kukatiza. Kwa ajili hiyo kisahani cha mpira cha kilo 1 kina sifa ya ziada. Uzito wake umesambaa badala ya kukusanyika ukingoni, jambo ambalo kwa anayeanza ni faida. Hakipasuki kikigonga lami. Wala hakivimbi kwa unyevu wa pwani kama cha mbao. Hata hivyo ni kilo nzima inayoruka, na hakuna mpira unaoifanya isivunje kichwa. Warushaji wote wasimame upande mmoja, warushe bila kuzunguka kwanza, na asitoke mtu kuokota mpaka filimbi ilie.

Wapo watakaosema kwamba siku ya mashindano kijana atapewa kisahani kizito zaidi, na kwamba aliyezoea chepesi atashindwa. Hoja hii ina uzito, lakini imepangwa kinyume. Kinachohamia kutoka kisahani chepesi kwenda kizito ni utaratibu wa mwili: nyonga kutangulia, mkono kuchelewa, kidole kumalizia. Kinachohamia kutoka kisahani kizito kilichorushwa vibaya ni maumivu ya bega. Wahenga walisema mwanzo kokochi, mwisho nazi. Hawakumwambia mtu aanze na nazi. Julius Yego wa Kenya, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa mkuki mwaka 2015 kwa mrusho wa mita 92.72, alijifunza sehemu kubwa ya ufundi wake kwa kutazama picha za mabingwa kwenye intaneti, katika nchi ambayo kila mtu alikuwa akikimbia. Hakuwa na mkuki wa bingwa alipoanza. Alikuwa na mti aliouchonga.

Basi shule yenye fedha za kisahani kimoja kizuri cha chuma na iulize bei ya viwili vya mpira vya kilo 1, na kimoja cha kilo 1.5 kinunuliwe mwaka unaofuata kwa wale watakaokuwa wamefuzu. Alama ya kufuzu isiwe umbali. Iwe kwamba kisahani kinatoka kwenye kidole cha shahada kikizunguka bila kuyumba, mara tano katika tano. Visahani vikishanunuliwa, mwalimu asiondoke Kariakoo kabla ya kupita kwa muuza mchele na kuviweka juu ya mizani. Kanuni hutaka kisahani cha kilo 1 kisipungue gramu 1,000, na watengenezaji hutarajiwa kukitoa kikiwa kati ya gramu 1,005 na 1,025. Kikipungua, duka halijawa mbali.